Kura Pekee Yenye Jina Birkines

Kila majira ya baridi, greda la theluji lilipofika kwenye Tuta, liligeuka. Dereva wake, Lalli, alipiga honi mara moja kuwasalimu watu wa upande wa pili, akalizungusha dude lake kwenye uwanja wa kanisa la kuba, akarudi zake ziwani. Kuanzia pale hadi mashamba ya ndani, theluji ilikuwa mali ya wenyewe. Waichote, waikanyage, waisubiri iyeyuke, shauri yao.

Tuta lenyewe si mlima. Ni mgongo wa changarawe tu, mtoto anaupanda bila kuhema. Lakini katika jimbo la Birkines mgongo ule uligawa watu kuliko mto. Upande wa ziwa walikaa Waaislandi, waliotangulia kufika, wakapata samaki na ardhi laini. Upande wa ndani walikaa Waukraini, waliokuja baadaye wakapewa mawe. Na tangu jimbo lianzishwe, enzi za mababu, kila mbunge aliyekwenda Winnipeg, mji mkuu wa mkoa, kuwasemea alitoka ziwani. Wa kwanza alikuwa na mashua kubwa, wa pili alikuwa mtoto wa wa kwanza, wa tatu alikuwa mkwe wa wa pili, na mambo yakaendelea hivyo hivyo. Hawakuwa watu wabaya. Waliahidi vizuri, walicheka na kila mtu, walikuja misibani. Ila hakutokea hata mmoja ambaye greda lake lilivuka Tuta.

Gudny alizaliwa ziwani, akaolewa ndani. Wakati ule jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea, na baba yake, mzee Ketill, mvuvi wa kutega nyavu chini ya barafu, alilipokea kama mtu aliyeambiwa ziwa limekauka.

"Umewakosa wenye mashua wote hawa," alimwambia, "ukaenda kuokota mtu anayelima mawe?"

"Wenye mashua wote wananuka samaki, baba."

"Na huyo Onufri wako ananuka nini?"

"Kitunguu saumu."

Ketill alifikiri kidogo. "Basi mtaivana," alisema, akatoka kwenda kwenye nyavu zake, na arusini alikaa karibu na mlango.

Mtoto wao wa kwanza alikuja wakati wa theluji nzito. Uchungu ulimshika Gudny asubuhi, na hospitali iko ziwani. Onufri Hrynkiw akafunga farasi wawili kwenye mkokoteni wa kuteleza, akamlaza mkewe kwenye majani makavu, akamfunika kwa kila kilichokuwa ndani ya nyumba, hata zulia la ukutani. Farasi walizama hadi kifuani. Onufri alishuka akawa anavuta pamoja nao, huku anaomba na kutukana kwa pumzi moja. Walipofika kwenye Tuta jasho lilikuwa limemgandia kwenye nyusi, na pale, kwenye uwanja wa kanisa, Lalli alikuwa anageuza.

"Lalli!" Onufri alipiga kelele. "Ungekuja mbele kidogo tu, ungekufa?"

"Nisingekufa, bwana, ningefukuzwa kazi. Amri yangu inaishia hapa. Mpandishe dada, upesi!"

Wakampandisha Gudny kwenye kibanda cha greda, palipokuwa na joto la injini. Hawakufika hospitali. Mtoto, Petro, alizaliwa mle mle, katikati ya njia, mama yake ameshika ukingo wa kiti na Lalli ametazama mbele kama askari kwenye gwaride, mashavu yamemwiva kwa haya. Kwetu hadi leo Petro anaitwa Greda, ingawa ni mwembamba.

Kabla hawajamshusha, Gudny alimwambia Lalli, "Siku moja wewe utavuka Tuta."

"Siku nikipewa amri, dada," Lalli alisema. "Nitavuka nikiimba."

*

Haikupita miaka mingi, msimamizi wa uchaguzi wa Birkines akafariki, na pande mbili zikagombana juu ya nani ashike nafasi yake. Kila jina la ziwani lilikataliwa ndani, na kila jina la ndani lilikataliwa ziwani. Mwishowe mtu mmoja akamtaja Gudny. Ziwani walimwona amekwenda kwa wakulima wa mawe. Ndani walimwona ni wa samaki. Hakuna upande uliomwamini, na pande zote zilimshuku kwa kipimo kile kile. Akapewa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa na sharti lake. Msimamizi wa uchaguzi haruhusiwi kupiga kura, isipokuwa wagombea wawili wakifungana. Hapo, na hapo tu, anapiga yeye kura ya kuamua, mbele ya watu wote. Kwa kuwa Gudny alipoolewa alikuwa hajatimiza umri wa kupiga kura, na uchaguzi uliofuata ulimkuta tayari ameshakabidhiwa masanduku, alikuwa hajawahi kutia alama kwenye karatasi hata mara moja. Aliwafundisha wazee namna ya kukunja karatasi zao. Aliwashika mkono vipofu. Aliwatuliza walevi. Yeye mwenyewe alitazama tu.

"Mpishi asiyeonja," Onufri alimtania.

"Nanusa," alijibu Gudny. "Inatosha."

Haikutosha, na Onufri alijua. Jioni za uchaguzi aliona jinsi mkewe alivyokaa na kikombe cha kahawa, kipande cha sukari kimebanwa menoni kama walivyo watu wa ziwani, hainywi, sukari inayeyuka yenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Onufri hakulijua, kwa sababu Gudny alikuwa amekula kiapo. Kila uchaguzi, kutoka kituo cha ziwani, ililetwa karatasi moja iliyoharibika. Alama yake ilikuwa safi, imetiwa mahali pake. Lakini chini yake, kwa mwandiko mkubwa ulioinama kama matete kwenye upepo, palikuwa na jina kamili la mpiga kura. Na karatasi yenye jina la mtu haihesabiwi. Ndiyo sheria.

Jina lilikuwa Ketill.

Ziwani kila wavu una alama ya mwenyewe. Kipande cha mti kilichochongwa, kinafungwa kwenye kamba, kinaning'inia juu ya barafu ili kila apitaye ajue ni wa nani. Wavu usio na alama ni wa yeyote, na anayeutega bila alama ana jambo la kuficha. Ketill alikuwa amekulia katika hilo. Gudny alibandika tangazo kituoni, MSIANDIKE MAJINA, kwa herufi kubwa, na kila mara baba yake alilisoma polepole na kutikisa kichwa.

"Hilo ni la watu wenye haya," alisema. "Mimi nikisema neno, naweka jina."

"Baba, tangazo ni la watu wote."

"Nani atathubutu kulitupa jina la Ketill?"

Gudny alifungua mdomo, akakumbuka kiapo, akaufunga. Asingeweza kumwambia kwamba ameiona karatasi yake. Alichoweza kufanya ni kuandika tangazo jipya, kubwa zaidi. Uchaguzi uliofuata mzee alisema mwandiko umekuwa bora.

*

Kisha zikaja habari kutoka Winnipeg kwamba jimbo la Birkines litafutwa. Watu walikuwa wamehamia mjini, wakubwa walikuwa wamechora ramani upya, na kuanzia uchaguzi mkuu wa kiangazi Birkines ingemezwa na jirani mkubwa wa kusini. Kabla watu hawajamaliza kulalamika, mbunge wao akajiuzulu kwa maradhi ya moyo. Sheria ikadai uchaguzi mdogo, katikati ya baridi, wa kumpata mtu wa kukaa kitini miezi michache tu, mpaka jimbo life.

"Tunamchagulia maiti nguo," walisema ziwani, wakacheka.

Asmund Borgfjord, mwenye ghala la samaki, akagombea kwa sababu kiti kilikuwa cha watu wa kwao na haikupendeza kikae wazi. Hakuahidi chochote. Alisema wazi kwamba kwa muda uliobaki hakuna la kufanya, bora kumaliza kwa heshima.

Ndani akasimama Olena Prystupa, mama wa ng'ombe wa maziwa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka msitu wa jirani. Yeye alikuwa na neno moja, na alilisema kila mahali, kanisani, mnadani, kwenye uwanja wa barafu watoto wakicheza. "Greda livuke Tuta."

"Na baada ya hapo?" walimuuliza.

"Baada ya hapo jimbo life kwa amani. Lakini njia ikishaandikwa kwenye orodha ya mkoa, haifutwi na ramani. Nipeni majira haya ya baridi, haya haya."

Gudny alimsikia kwenye mkutano mmoja, yeye amesimama nyuma kabisa ukumbini. Alishika kitasa cha mlango kwa nguvu. Alitaka jambo lile tangu siku ile kwenye kibanda cha greda, na uchaguzi wa mwisho wa Birkines ndio huu, na yeye, kama kawaida, angeshika masanduku na kutazama. Uso wake haukuonyesha kitu. Alikuwa amezoea kutoonyesha kitu.

Siku ya kura ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Watu wa ndani walikuja kwa farasi, kwa matrekta, wengine kwa miguu wameshikana mikono kwenye mstari, maana barabara haikuonekana. Haijawahi kutokea wakaja wengi vile. Ziwani walipowaona nao wakaamshana. Mzee Ketill alifika kituoni na fimbo yake, akalisoma tangazo, akamkonyeza binti yake aliyekuwa amepita kukagua.

"Mwandiko mzuri."

"Baba, safari hii nakuomba. Weka alama tu. Alama peke yake."

"Safari ya mwisho ndio nianze kujificha?"

Akaingia nyuma ya pazia. Gudny alisikia kalamu ikikwaruza, ikakwaruza tena, muda mrefu kuliko alama yoyote.

*

Kura zilipohesabiwa, Asmund na Olena walikuwa wamefungana. Zikahesabiwa tena. Wamefungana. Akaletwa jaji kutoka mjini, mtu mwenye mafua na koti zito, akazihesabu upya kwenye ukumbi wa ziwani, watu wamejaa hadi madirishani, ziwani wamekaa kushoto na ndani wamekaa kulia bila kupangwa na mtu. Harufu ya sufu mbichi na kahawa ilikuwa nzito.

Jaji akafika kwenye karatasi zilizoharibika. Akainua moja, akaitazama, akapenga kamasi.

"Hii alama yake ni safi, ni ya Bwana Borgfjord. Lakini ina jina la mpiga kura. Sitalisoma. Haiwezi kuhesabiwa."

"Kwa nini usilisome?" sauti ilisema kutoka kushoto. "Mwandiko unasomeka."

Ukumbi wote uligeuka. Mzee Ketill alikuwa amesimama.

"Mzee," jaji alisema kwa upole, "ungekaa tu."

"Hiyo ni yangu. Kwa hiyo huyu kijana ameshinda. Tumalize, tukale."

"Hajashinda. Karatasi yenye jina haihesabiwi."

"Tangu lini?"

"Tangu jimbo hili lianzishwe."

Ketill alimgeukia binti yake, aliyekuwa amekaa mezani kando ya jaji. "Gudny. Na zile za nyuma?"

Mzee alikuwa amejitaja mwenyewe mbele ya jaji na kijiji kizima, na kwa hilo kiapo kilikuwa kimebaki bila kazi. "Hakuna hata moja iliyohesabiwa, baba."

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna."

Asmund alijishika kichwa. "Mzee Ketill, umenimaliza!"

"Nimekupigia kura, kijana! Humu ndani nani mwingine anaweza kuthibitisha?"

Watu wakaangua kicheko, kushoto na kulia pamoja, mpaka jaji akagonga meza. Ketill peke yake hakucheka. Alikaa polepole, fimbo magotini, kama mtu aliyeinua wavu akakuta una tundu la miaka mingi.

"Basi kura zimefungana," jaji alisema. "Msimamizi wa uchaguzi, sheria sasa inakutaka wewe. Utaweka alama hapa mbele ya wote, na chini yake utaandika jina lako."

Akamsogezea karatasi.

Jiko la kuni likawa linasikika. Kisha mke wa Asmund akashindwa kujizuia. "Gudny, mwenzetu, kumbuka ulikozaliwa!"

"Kumbuka unakolala!" alijibu mtu wa kulia, na Onufri akawa mwekundu kama bitiruti.

Gudny alisimama. Kwa miaka yote ile walikuwa wakimtazama bila kumwona, sanduku miongoni mwa masanduku. Sasa hapakuwa na jicho lililotazama kwingine.

"Ziwani nilizaliwa, ndani ninalala," alisema. "Sijasahau. Lakini mtoto wangu nilimzalia njiani, kwenye kibanda cha greda, kwa sababu amri iliishia kwenye Tuta. Hilo nalo sijalisahau."

Nyuma kabisa ukumbini Lalli alivua kofia.

Gudny akachukua kalamu. Akaweka alama mbele ya jina la Olena Prystupa, mistari miwili iliyopishana, bila haraka, akiikaza kila mmoja hadi mwisho wake. Kisha akainama akaandika jina lake lote bila kufupisha. Ilikuwa kura yake ya kwanza Birkines, na ya mwisho kuhesabiwa Birkines, na katika historia yote ya jimbo lile ndiyo kura pekee yenye jina iliyokubaliwa na sheria.

Upande wa kulia ulilipuka. Kofia ziliruka hadi darini. Olena aliita kwa ile sauti yake, na wanasema ng'ombe wa padri waliitikia. Vikongwe wa ndani walilia, wakabusu mikono ya Gudny, wakamrushia Onufri shali mabegani kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Hata Asmund alivuka ukumbi, akampa Olena mkono, akasema, "Haya mama, nenda Winnipeg ukawaamshe."

Gudny alitazama juu ya vichwa kumtafuta baba yake. Kiti kilikuwa kitupu, na mlango ulikuwa unajifunga.

*

Olena akaenda Winnipeg. Miezi aliyopewa hakuwahi kuzungumzia jambo jingine. Wenziwe walipojadili bei ya ngano, alisimama akauliza kuhusu greda. Walipojadili shule, aliuliza watoto watafikaje shuleni bila greda. Mwishowe, nasikia, waziri mmoja alipomwona anainuka alisema, "Mpeni, mpeni, tupate kula."

Ziwani wapo walioacha kumsalimu Gudny dukani. Alivumilia. Lililomuuma ni baba yake. Hakuja, hakutuma neno. Kila baridi alikuwa na desturi ya kumtumia samaki waliogandishwa, na mwaka ule hawakuja.

Theluji kubwa ya mwisho ilianguka ikiwa watu wameshaanza kuota majira ya joto. Iliziba madirisha. Asubuhi yake Gudny alikuwa jikoni anakunja pirohi, vipande vya unga vya kujazwa viazi, mikono imejaa unga, alipomsikia Onufri akipiga kelele uani.

"Gudny! Njoo! Njoo uone!"

Alitoka bila koti. Kutoka upande wa Tuta ilisikika honi, mara moja, kama siku zote. Akasubiri mngurumo upungue, maana pale ndipo greda hugeuka. Mngurumo haukupungua. Ukakua. Kisha juu ya mgongo wa changarawe ikatokea ile pua ya njano inarusha theluji pande zote mbili kama mabawa, ikashuka upande wa ndani, ikaja, na ndani ya kibanda Lalli alikuwa anaimba, vibaya sana, kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Watu walitoka majumbani kando ya njia wakipiga masufuria. Petro Greda alikimbia mbele akianguka na kuinuka.

Greda likasimama langoni. Mlango wa kibanda ukafunguka, na kabla ya Lalli akashuka mzee Ketill, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili keki ya matabaka ya arusi na sikukuu, imefungwa kwenye kitambaa. Tangu binti yake aolewe alikuwa hajavuka Tuta wakati wa baridi.

"Njia yenu ina mashimo," alisema.

"Ni siku yake ya kwanza, baba."

"Mm." Alimkabidhi Onufri keki bila kumtazama, kisha akamtazama. "Bado unanuka kitunguu saumu."

"Bado, mzee. Karibu ndani."

Hakuingia. Alibaki amesimama kwenye theluji iliyofagiliwa, anachora kitu kwa ncha ya fimbo, anakifuta.

"Ile karatasi yako," alisema mwishowe. "Nilitoka kabla sijaiona. Jina uliandika nusu au lote?"

"Lote, baba."

"Lote kama lilivyo?"

"Gudny binti Ketill Hrynkiw."

"Ketill uliandika?"

"Niliandika."

"Na wakaihesabu."

"Wakaihesabu mbele ya watu wote. Jaji aliisoma kwa sauti."

Mzee alipandisha kidevu. Uso ulimfunguka taratibu, mpaka ukawa uso wa mtu aliyeinua wavu uliojaa. Akawageukia Lalli na Onufri na majirani waliokuwa wamekusanyika na masufuria yao, akaigonga fimbo chini.

"Mmesikia?" alisema. "Basi na yangu imehesabiwa."

Akatangulia kuingia ndani kwenda kunywa kahawa.

"Dada," Lalli aliita kutoka kwenye greda, "sasa mimi nigeuzie wapi?"

"Usigeuze," Gudny alimwambia. "Endelea mbele. Mwisho kabisa, uani kwa Olena, kuna nafasi."

Kiangazi kilipofika, jina la Birkines likaondolewa kwenye ramani. Greda bado linageuzia uani kwa Olena.